Mwanya wa Mama Mkwe

"Huyu ni nani?"

Fundi aliuliza kwa sauti ya chini, picha kubwa ikiwa mikononi mwake na makaratasi ya kufungia yametapakaa miguuni. Sebule ya baba yake ilijaa watu wa nyumbani waliokuja kula mchana na kushuhudia picha ya marehemu mama yao ikitundikwa ukutani. Mtu wa nyundo na msumari alishasimama kwenye kiti, anasubiri.

"Mama jamani," mchumba wake akajibu, anacheka cheko la wasiwasi. "Mama mkwe wangu huyo. Au umesahau sura ya mama yako?"

"Sura ya mama sijaisahau. Ndiyo maana nakuuliza, huyu ni nani?"

Kicheko kikamfia mdomoni.

Ngoja niwaambie huyu dada ni nani kabla hamjaanza kumtupia mawe. Jina lake halisi lilibaki kwenye kitambulisho. Studio ya picha anakofanya kazi wote walimwita Futa, na yeye mwenyewe alishazoea kuitika. Kazi yake ilikuwa kukaa chumba cha nyuma mbele ya kompyuta na kusafisha nyuso za watu: chunusi zitoke, makovu yatoke, bibi harusi aliyelia usiku kucha aonekane kama amelala salama. Alikuwa hodari. Tatizo lake, hajui kuacha. Kitu kikishakuwa kizuri, anakifuta aanze upya. Gauni la harusi alilifumua, harusi ikasogezwa mbele. Fundi akapaka rangi dari la chumba chao, Futa akaona mawimbi ambayo macho ya binadamu wengine hayayaoni, harusi ikasogezwa tena. Na Fundi, ambaye ni fundi bomba na amezoea vitu vinavyovuja, alivumilia.

Picha ya mama yake Fundi ilikuwa na doa moja tu la maji shavuni. Aliombwa atoe hilo doa, basi. Akalitoa. Kisha akaona jicho moja dogo kuliko jingine, akayasawazisha. Akaona kovu kwenye nyusi, likaondoka. Mwisho kabisa akafika kwenye meno.

Baba mkwe alivaa miwani, akaisogelea picha mpaka pua ikakaribia kioo.

"Mwanya uko wapi?" Mzee akauliza.

Hapo ndipo wifi, dada mkubwa wa Fundi, alipoinuka kwenye kochi.

"Weee! Umemziba mama mwanya?"

"Wifi, nilitaka apendeze tu..."

"Apendeze? Mwanya ule ndio uliomfanya baba amfuate mpaka kwao! Mwanya ule ndio aliopigia mluzi tukichelewa kurudi nyumbani, mtaa mzima unajua tunaitwa! Haya niambie, hayo meno uliyomjazia ni ya nani?"

Futa akaanza kuokota makaratasi. Meno yenyewe aliyatoa kwenye picha ya bibi harusi mmoja aliyepigwa pale studio, na hilo hakuwa tayari kulisema mbele ya wakwe.

"Nakuuliza, meno ya nani?"

"Wifi, naomba radhi, lakini usinipandie kichwani!" Futa naye akawaka. "Kila ukipiga picha, unanitumia meseji gani? Si 'wifi niweke sawa'? Si 'wifi niokoe na hilo shimo'? Mwanya wa familia hii mkono wangu ulizoea kuuziba kwa ajili yako!"

Wifi aliinua mkono akafunika mdomo, kama afanyavyo kila akicheka, ila safari hii hakuwa anacheka.

"Njoo nje," Fundi akasema.

Walisimama kibarazani, kwenye kamba ya nguo.

"Nina mwanya na mimi," akasema.

"Najua. Naupenda."

"Leo unaupenda. Kesho kutwa nitaota kipara. Nitazeeka, nitakuwa na kitambi, labda bomba litanilipukia nibaki na kovu usoni. Utanifanyaje?"

"Usinionee. Picha ni kazi, wewe ni mtu."

"Mama naye alikuwa mtu." Fundi akaishika kamba ya nguo. "Harusi ulisogeza kwa ajili ya gauni, sikusema kitu. Ukasogeza kwa ajili ya dari, nikanyamaza. Hii ya Jumamosi ijayo naisogeza mimi."

"Mpaka lini?"

"Mpaka nijue unaolewa na nani. Na mimi, au na huyo unayetaka kunitengeneza."

"Kwa hiyo unaniacha."

"Sijasema nakuacha."

"Umesema kwa lugha ya adabu!"

"Na kamera yako je?" Fundi akauliza ghafla. "Uliinunua kwa jasho lako, kwamba utatoka chumba cha nyuma ukapige picha zako mwenyewe. Iko kabatini inazeeka. Kila ukipiga, unafuta kabla mtu hajaona. Mimi hujawahi kunionyesha hata moja, mimi mchumba wako! Unaogopa nini, Futa?"

Futa alichukua mkoba wake akaondoka bila kuaga, analia njia nzima, anafuta machozi kwa kiganja kama mtoto.

Jumatatu asubuhi, studio. Bosi alisikia habari yote, akaiangalia ile picha ya mama mkwe kwenye kompyuta, akapiga mluzi.

"Kazi safi hii. Hao wakwe zako hawana shukrani."

"Bosi, Ijumaa kuna mahafali pale chuoni. Naomba nikapige mimi."

Bosi akacheka mpaka akashika kaunta. Wale wapiga picha wengine wakamsaidia kucheka.

"Wewe? Utarudi na kamera tupu! Si utafuta zote njiani?"

"Nijaribu basi."

"Sikia, mdogo wangu. Kila mtu na mahali pake. Wengine hapa wanasafisha picha mara moja wanakwenda kula. Wewe hulali mpaka isiwe na dosari, kwa sababu unaogopa kulaumiwa. Huo woga wako ndio unaotuletea wateja. Sasa nikuondoe hapo ili iweje?"

Aliyasema kwa wema kabisa, kama mtu anayesifia. Futa akarudi chumba cha nyuma, akakaa. Kumbe! Miaka yote anajiona mtu wa viwango, kumbe mwenzake anamwona mwoga anayefaa kwa kazi. Haki ya Mungu, afadhali angemtukana.

Akaifungua ile picha ya mama mkwe kama ilivyokuwa mwanzo, kabla hajaigusa. Siku zote alizokuwa akiifanyia kazi, aliikuza mpaka vinyweleo vionekane: leo jicho, kesho pua, keshokutwa jino. Hakuwahi kuitazama nzima. Safari hii akaipunguza, akasukuma kiti nyuma mpaka ukutani, akaangalia. Aliona mama aliyekuwa anakaribia kucheka, jicho moja limeshaanza na jingine bado linajikaza. Mwanya ulikuwa unachungulia. Futa alimpenda mama yule papo hapo, mtu ambaye hakuwahi kukutana naye, akajua ni nini alichowaibia watoto wake.

Akaondoa doa la maji. Mkono ukataka kuendelea, akaukalia. Sitanii, aliukalia kweli, mkono wa kulia chini ya paja, huku wa kushoto unabonyeza kuchapisha.

Jioni hiyo alibisha mlango wa Mzee, picha kwapani na kamera begani. Wifi ndiye aliyefungua, kitunguu mkononi.

"Umefuata nini?"

"Nimekuja kumrudisha mama."

Wifi aliichukua picha, akaitazama, akaipeleka chumbani kwa baba yake. Alikaa huko kwa muda. Aliporudi macho yalikuwa mekundu.

"Kitunguu hiki," akasema.

"Nakijua. Kikali."

"Baba amesema ahsante. Mimi sijasema."

"Sijakuomba uniambie ahsante. Nimekuja kukuomba kitu kingine. Nataka nikupige picha."

"Mimi? Thubutu! Nimevaa gauni la jikoni, kichwa sijachana!"

"Hivyo hivyo."

"Utanisafisha?"

"Hapana."

"Basi sitaki."

"Wifi, nani alikwambia ule ni shimo?"

Wifi akarudi kwenye ubao wake jikoni, Futa nyuma yake, akakata kitunguu kwa hasira.

"Shuleni. Walikuwa wananiita Mlango Wazi. 'Mlango Wazi, upepo unaingia!' Nikienda kwa mama ninalia, naye ananicheka na mwanya wake wazi. Nikaapa sitacheka kama yeye."

"Ukaacha?"

"Nikaweka mkono."

"Basi tuko sawa. Wewe ulibandikwa jina la Mlango Wazi, mimi nikabandikwa la Futa. Wewe hucheki mdomo wazi, mimi sipigi picha. Haya, mama yenu angetukuta hapa angesema nini?"

"Angesema 'tokeni jikoni kwangu, mnanichafulia, wendawazimu nyie!'"

Aliyasema kwa sauti ya marehemu, kidevu juu, na mwenyewe akajishtukia amecheka. Alicheka kwa kicheko kile cha kumwaga, na mikono yote miwili ilikuwa na kitunguu na kisu, hakuna wa kufunika mdomo. Futa akabonyeza.

Akaangalia kioo cha kamera. Picha imetikisika. Mwanga wa dirisha umemla wifi bega moja. Sufuria limeingia kwenye kona bila kualikwa. Kidole gumba kikaenda chenyewe kwenye kitufe cha kufuta.

"Nionyeshe," wifi akasema.

"Imetikisika. Ngoja nipige nyingine."

"Nionyeshe, nimesema!"

Wifi akaitazama. Akaitazama sana. Midomo ikaanza kumcheza.

"Nimefanana na mama," akanong'ona. "Sikujua. Hakuna aliyewahi kuniambia."

"Ungeambiwa saa ngapi, na wewe umejificha?"

"Ukiifuta hii," wifi akasema, anafuta kamasi kwa mkono wa gauni, "nitakuchoma na hiki kisu, na ndugu yangu humpati."

Usiku huo, kwa ruhusa ya wifi, Futa aliiweka picha kwenye ukurasa wake, ukurasa uliokuwa mtupu tangu aufungue. Alibonyeza kisha akaitupa simu kitandani kama kaa la moto. Baada ya muda akaichungulia. Watu wameipenda. Wengine wanauliza huyu mama mcheshi ni nani. Na bila shaka, hawakosekani, mmoja akaandika: "Nzuri ila imetikisika, dada."

Zamani hayo maneno yangemlaza na homa. Futa aliyasoma, akaandika: "Ndiyo, imetikisika. Na mimi nilikuwa natikisika. Karibu."

Simu ikaita. Bosi.

"Umeweka takataka gani mtandaoni? Watu wanakujua uko kwangu! Unataka waseme studio yangu inatoa kazi kama hiyo?"

"Hiyo ni yangu, bosi. Haina jina la studio."

"Ifute."

"Sifuti."

"Nimesema ifute sasa hivi, au kesho usije."

Futa akavuta pumzi.

"Kesho siji," akasema. "Na Ijumaa nitakuwepo mahafali, nasimama nje ya geti. Atakayetaka picha yenye uso wake mwenyewe, nitampiga."

"Utakula nini na picha zinazotetemeka?"

"Hilo niachie mimi na tumbo langu."

Akakata. Msifikiri alijisikia shujaa. Alikimbilia chooni, akajifungia, akajiangalia kwenye kioo chenye ufa. Chunusi mbili kidevuni. Akaziacha.

Kilichobaki kilikuwa kigumu kuliko vyote. Tangu siku ile, Fundi alimjibu kwa maneno mawili mawili: "Niko kazini." "Nimechoka." "Tutaongea." Futa aliandika ujumbe, akaufuta, akaandika mwingine, akaufuta. Mara akajishtukia anafanya nini. Akabonyeza kinasa sauti na kusema mfululizo, hakurudi nyuma hata neno moja:

"Fundi, ni mimi. Wewe umesogeza harusi, mimi sijakubali kuisogeza. Jumamosi asubuhi, saa nne, kama tulivyopanga, nitakuwa kwa msajili wa ndoa. Gauni halijaisha pindo. Dari bado lina mawimbi na litabaki nayo. Kazi nimeacha. Uso una chunusi na sitaifunika hata moja. Mama yako nilimkosea, baba yako nimeshamrudishia picha yake, na wewe nakuomba radhi. Ila sitakaa nyumbani nikisubiri niwe mtu bora ndio unioe, maana nikianza kusubiri hilo tutakufa wote. Nakupenda na mwanya wako. Ukija, njoo. Usipokuja, nitalia hapo hapo mbele ya watu, kisha nitaondoka nikaendelee na maisha yangu. Basi."

Akatuma. Alama ikaonyesha amesikiliza. Jibu halikuja. Halikuja siku hiyo wala iliyofuata.

Shangazi yake, aliyemlea, aliacha kumjaribishia gauni akashika kichwa.

"Mwanamke hajipeleki kwa msajili peke yake! Asipotokea utaiweka wapi sura yako?"

"Hapa hapa ilipo, shangazi."

"Utadhalilika, mwanangu."

"Nimechoka kuogopa kudhalilika. Huko kuogopa ndiko kulikonidhalilisha. Wewe nifungie zipu."

Ijumaa alisimama nje ya geti la chuo, kwenye jua. Wengine walimpita kama nguzo. Binti mmoja mwenye miwani mikubwa akasimama, kisha na mama yake, kisha na kundi lao zima wanasukumana. Picha nyingine zilitoka vichwa vimekatwa, akaomba radhi akapiga tena. Alirudi nyumbani sauti imekauka, na alikuwa na furaha mpaka akajishangaa.

Jumamosi ilifika. Ukumbi wa msajili ulikuwa na viti vya plastiki, feni inayolalamika, na maharusi wengine wakisubiri zamu. Futa alikaa na gauni lake, pindo limeshikwa na pini upande mmoja. Kulia kwake shangazi, kushoto wifi, na Mzee ameshika fimbo yake amejikaza. Kiti cha Fundi kilikuwa kitupu.

Saa nne ikapita.

"Simu yake haipatikani," wifi akasema. "Nikimkamata huyu mtoto!"

"Muache," Futa akajibu.

Karani akachungulia mlangoni. "Mnaofuata! Bwana harusi yuko wapi?"

"Bado."

"Basi niwapishe hawa wengine. Wakitoka wao na yeye hajafika, dada, rudini siku nyingine."

Wakapita wengine. Shangazi akaanza kunong'ona kwamba waondoke kwa heshima. Futa akatikisa kichwa. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta, yakachora wanja mpaka shavuni, watu wanaangalia, naye akawaacha waangalie.

Maharusi wale walipokuwa wanatoka, wamejaa maua na vigelegele, mtu mmoja akawapenya katikati kinyume na watu wote. Ovaroli la kazi, limeloa mpaka magotini. Matope shingoni.

"Bomba kuu lilipasuka hospitali," Fundi akasema, anahema. "Wodi ya wazazi maji yamejaa, nisingeweza kuwaacha wale akina mama. Simu imeingia maji. Suti iko nyumbani."

"Simama hapo hapo!" Futa akasema, ameshainua kamera.

"Aa, niache ninawe uso basi!"

"Usithubutu."

Akabonyeza. Kisha akaishusha kamera, na sauti yake ikapanda mpaka feni ikawa haisikiki.

"Kwa nini hukunijibu? Siku zote hizo! Unajua nimekaa hapa kama nani?"

"Niliisikiliza ile sauti yako mpaka chaji ikaisha," Fundi akasema. "Nikaichaji, nikaisikiliza tena. Niliogopa, Futa. Nilijua utasogeza tena, safari hii nikiwa nimesimama hapa na suti yangu, ndugu zangu wananiangalia. Ndiyo maana nikawahi kusogeza mimi. Picha ya mama iliniuma kweli, lakini nilijificha nyuma yake."

"Kumbe mwoga na wewe!"

"Mwoga kabisa."

"Halafu unanihubiria kamera!"

"Nisamehe."

"Nitakusamehe tukishaingia ndani. Twende, karani anatuangalia vibaya."

Msajili, mama mmoja mwenye miwani ya mnyororo, aliwatazama kuanzia matope mpaka wanja uliochirizika.

"Mnataka mkajiandae kwanza?"

"Hapana," wakajibu pamoja.

Akawasomea, wakaitikia. Cheti kikawekwa mezani, karatasi nene nyeupe yenye mhuri wa kuvutia. Futa akashika kalamu. Alianza vizuri, kisha kalamu ikateleza, ikapiga mstari mrefu mpaka nje ya kisanduku, na tone la wino likadondoka juu ya jina lake na kutanuka.

Shangazi akafumba macho. Fundi akaangalia viatu vyake vyenye matope, na taya likamkaza.

"Pole," msajili akasema kwa upole, anavuta mtoto wa meza. "Huwa inatokea. Ninacho kingine kisafi hapa. Nikupe uandike upya?"

Futa aliliangalia lile doa.

"Hapana, mama," akasema. "Hiki hiki." Akamgeukia Fundi, akamkabidhi kalamu. "Haya, zamu yako. Andika kabla wino haujakauka."